Kifaranga Ndani ya Dashibodi

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipa jina ile sauti. Tulikuwa tunatoka Dumila kwenda Morogoro, yeye amekaa mbele na kikapu cha mayai mapajani, mimi nimeshika usukani wa Land Rover 109 ya mwaka 1976 niliyoachiwa na mjomba. Mshale ulipopita 40, dashibodi ikaanza: chii, chii, chii. Mama akatega sikio. Akainama kuchungulia chini ya kiti. Akageuka kunitazama kwa ule upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha mkwewe.

"Baba, umebeba kifaranga?"

Sikuwa na kifaranga. Nilikuwa na waya mkavu. Lakini kumweleza mama mkwe, katikati ya muungurumo wa injini na upepo unaoingia kila upenyo, kwamba nyuma ya ile saa anayoitazama kuna uzi wa chuma unaozunguka mamia ya mara kwa dakika, niliona ni safari ndefu kuliko ya Morogoro. Nikamjibu ni gari tu, mama, limezeeka.

Kusema kweli nilikuwa nimeishi na kelele ile miezi mitatu. Ilianza asubuhi moja ya kiangazi, tik-tik kama saa ya ukutani, gari likiwa katika mwendo wa mtu anayetembea. Baada ya wiki mbili ikawa mlio wa panya aliyebanwa na mlango. Wahenga wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, nami nikajifanya ng'ombe. Niliongeza sauti ya redio. Redio ilipokufa, nikaanza kuimba.

Kilichonishinda ni mshale. Siku moja, gari likiwa kwenye 50 hivi, ukaanza kucheza mdundiko: unaruka 70, unarudi 30, unatetemeka, unaruka tena. Nikapita gereji moja ya njiani. Kijana akaingiza mkono nyuma ya mita, akafungua nati kwa vidole vitupu, akauvuta waya pembeni na kuufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. "Tayari, bosi. Hutaisikia tena." Hakutumia hata dakika tano. Nikampa 2,000 ya soda, na ni kweli, sikuisikia tena.

Hiyo ndiyo tiba ya kelele ya kebo ya spidi katika gereji nyingi nilizopita, na sina haja ya kumlaumu kijana. Mteja kaja na kelele, kaondoka bila kelele. Tatizo ni kwamba kilichonyamazishwa ni kile kile kilichokuwa kinasema.

Hasara ya kwanza ilinikuta barabara ya Dar es Salaam. Askari akanyoosha mkono, nikaegesha, akanionyesha tochi: 63. Tulikuwa eneo la makazi, ambako mwisho ni 50 kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. "Afande, mita yangu imekufa," nikasema, nikidhani ninajitetea. Akatazama dashibodi, akatazama mashine yake ya faini. "Hapo sasa, mzee, umeniongezea kosa la pili." La pili alinisamehe. La kwanza nililipa, 30,000, na hesabu za haraka zikaniambia nimeshanunua kreti zima la soda.

Hasara ya pili ndiyo iliyouma zaidi, na ilichelewa kujitokeza. Mshale na namba za kilomita hula sahani moja: ukiuchomoa waya, vyote vinalala. Sasa geji ya mafuta ya gari langu ilianza kudanganya tangu enzi za mjomba, na dawa aliyonirithisha ni kujaza tangi kisha kuhesabu kilomita. Oili ya injini naibadilisha kila kilomita 5,000. Grisi ya kwenye maungio ya propela ina kilomita zake. Bila zile namba tano ndogo, gari lote likawa la kukisia. Oili nikaibadilisha kwa kalenda, kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Na mafuta yaliniishia Matombo, jua la saa saba, nikitoka shambani Mvuha na magunia ya mahindi, nikiwa na hakika kabisa kwamba tangi lina nusu.

Aliyenivuta kwa kamba kutoka Matombo ndiye aliyenielekeza kwa fundi mzee wa Morogoro, mstaafu, ambaye siku hizi hutengeneza magari mawili matatu chini ya mwembe wa nyumbani kwake, na hakubali la nne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Kelele ilikuwa inapanda na spidi ya gari au na spidi ya injini?" Nikafikiri. Nikijitelezea mteremkoni gia ikiwa huru, injini ikinguruma taratibu, kelele ilikuwa pale pale. "Ya gari," nikasema. "Basi waya. Ungesema ya injini, ningekwambia kaangalie mkanda wa feni."

Inafaa kujua kilichomo humo ndani, maana ukishakijua, kelele yenyewe inakuonyesha pa kutazama.

Kipimo hiki cha mwendo ni kizee. Mwaka 1902 mvumbuzi Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, alisajili hataza ya kupima mwendo kwa sumaku, na wazo lake ndilo lililobaki ndani ya dashibodi za dunia kwa zaidi ya miaka 80. Kwenye Land Rover ya aina yangu habari inaanzia nyuma ya transfa, lile boksi la pili linaloshikana na giaboksi. Juu ya shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma kuna gia yenye meno ya mzunguko kama skrubu. Gia hiyo inazungusha kigia kidogo kilichokaa pembeni, chenye tundu la mraba katikati. Ncha ya waya, nayo ya mraba, inaingia humo. Kuanzia hapo waya unapanda ndani ya kava lake, unapita kando ya giaboksi, unatoboa ukuta wa injini na kufika nyuma ya mita.

Waya wenyewe si uzi mmoja. Ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekea upande wake, ili uweze kupinda kama kamba na bado upeleke mzunguko kama fimbo. Katika magari mengi ya Kijapani ya enzi za kebo, waya huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita 190 hivi. Piga hesabu, utapata mizunguko zaidi ya 120,000 kwa safari moja ya kwenda. Kwenye magari ya Kiingereza namba hutofautiana, na mara nyingi imechapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi chini ya sahani ya mita: ni idadi ya mizunguko kwa maili au kwa kilomita, na ndiyo inayokuonya usichukue mita ya gari lolote ulilokutana nalo ukaifunga kwako.

Waya ukifika juu unazungusha sumaku, na sumaku hiyo imezungukwa na kikombe cha alumini bila kukigusa. Alumini haishikwi na sumaku, aliyewahi kujaribu kwenye sufuria anajua. Lakini sumaku ikizunguka karibu nayo, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo inazaa usumaku wake, kikombe kikataka kuifuata sumaku inakokwenda. Kingezunguka nayo, ila kimezuiliwa na springi nyembamba kama unywele. Kadiri waya unavyokimbia ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi dhidi ya springi, na mshale uliopachikwa juu yake ndio tunaousoma. Miye nilikuwa nimeendesha miaka 20 nikiamini kuna gia zinazousukuma mshale. Hakuna. Zenye gia ni zile namba za kilomita peke yake.

Ukielewa hivyo, mdundiko wa mshale unajieleza. Waya uliokauka hauzunguki sawasawa. Unakwama kwenye kava, unajisokota kama nguo inayokamuliwa, halafu unaachia ghafla na kurudisha deni lote kwa mkupuo. Sumaku inapata teke, mshale unaruka. Na ile chii, chii ni chuma kikisugua chuma pale kona ilipo kali. Ukisikia mlio na mshale umetulia, bado una muda. Mshale ukianza kucheza, waya unahesabu siku zake kabla ya kukatika.

Fundi mzee alianza kwa kuondoa terminali ya betri, jambo ambalo yule kijana hakulifanya na Mungu akamwepusha, maana nyuma ya paneli ya mita za Land Rover nyaya zenye moto zimejaa kama tambi. Akatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nikamwambia handbreki imevutwa. Akatabasamu. "Handbreki ya gari hili inashika propela, haishiki magurudumu. Na mimi hiyo propela nataka izunguke."

Alinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akaweka stendi, akaachia handbreki, akaweka gia huru. Akaniambia nilizungushe gurudumu kwa mkono huku yeye ameshika ncha ya waya kule juu. Nikazungusha. Ncha ikazunguka, lakini kwa kigugumizi: inasimama, inakurupuka, inasimama. Kwa kipimo hicho cha dakika moja akawa ameshajua mambo mawili: kigia cha transfa ni kizima, na waya haujakatika. Ncha ingekuwa imekufa kabisa, angeanza kutafuta waya uliokatika au kigia kilicholika.

Kisha akaingia chini, akafungua kibanio cha waya pale nyuma ya transfa, jirani na ngoma ya handbreki. Akatoka na kidole kimelowa oili nzito, akanipa ninuse. Oili ya gia haijifichi, ina harufu ya kiberiti. Akasema sili ndogo ya kigia imechoka.

Hapa niseme kitu ambacho wengi wetu hatukijui, nami nilikaribia kukifanya. Jirani yangu mwenye Peugeot 504 alinishauri mapema nimimine oili ya injini kwenye kava kutokea juu, kelele itakoma. Itakoma kweli, kwa mwezi. Lakini waya umesokotwa kama skrubu, na skrubu inayozunguka ndani ya bomba hupandisha kimiminika. Oili, iwe uliyoimimina mwenyewe au iliyopenya sili ya transfa, hupanda taratibu mpaka ndani ya mita, ikatanda kati ya sumaku na kikombe. Pale palipotakiwa hewa tupu panakuwa na gundi. Mshale unakuwa mzito, unachelewa kushuka, unaongopa. Mshale wa jirani ulibaki kwenye 20 gari likiwa limepaki nje ya kanisa, na watoto wakawa wanamwambia baba, gari linakimbia lenyewe.

Waya wangu ulikuwa na magonjwa mawili yanayopingana. Chini ulikuwa umelowa oili, juu umekauka na kuwa rangi ya kahawa kwa kutu na vumbi la barabara ya Kisaki. Fundi akauchomoa wote kutoka kwenye kava, akaulaza gazetini, akaufuta kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kuanzia ncha hadi ncha. Akaupitisha katikati ya vidole akiwa amefumba macho. Karibu na mwisho wa juu akasimama. "Hapa." Nikagusa. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na kusimama kama mwiba.

Bado hakuridhika. Akaleta kipande cha kioo cha dirisha, akaulaza waya juu yake, akauviringisha kwa viganja kama mama anayesukuma chapati. Waya ulionyooka huviringika kimya. Wangu ulikuwa unaruka kila mzunguko, tak, tak, pale palipokuwa na mkunjo. Mkunjo huo, alisema, haukuja wenyewe. Aliniuliza kama gari limewahi kutolewa giaboksi. Ndiyo, miaka minne nyuma, kwa ajili ya klachi. Aliyelirudisha aliupitisha waya njia ya mkato, akaukunja nyuma ya ukuta wa injini, na klipu moja ya kuushikilia akaiacha mahali ambapo klipu huachwa. Kava likalegea hadi kugusa bomba la moshi, grisi ikaungua. Tangu siku hiyo kebo yangu ilikuwa inapikwa.

Kama waya ungekuwa mchafu tu, kazi ingeishia hapo: kusafisha, kupaka, kurudisha. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na mtu yeyote mwenye bisibisi na Jumamosi moja anaweza. Lakini waya wenye uzi uliokatika haupakwi grisi. Utatafuna kava kutoka ndani na siku moja utakatika, pengine ile ncha iliyobaki ikijisokota hadi kuharibu kigia. Ilibidi tuagize mpya.

Kuagiza nako kuna adabu yake. Nilimpigia muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, nikasema nataka kebo ya spidi ya 109. Ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Msamvu kwa furaha, ikawa fupi kwa kiganja kizima. Kosa langu. Kebo haziulizwi kwa jina la gari tu, kwa kuwa gari hilo hilo la usukani wa kulia na wa kushoto, la miaka hii na ile, hutofautiana. Pima kava kutoka nati hadi mwisho wa chini, piga picha ya ncha zote mbili, au bora zaidi, itume ile ya zamani iende ikatafute mwenzake. Ya pili ilikuja sawasawa.

Fundi hakuiamini hata ile mpya. Aliuvuta waya wake nje, akauona umepakwa kitu kama kumbukumbu ya grisi. Akachota grisi laini ya lithiamu kwa ncha ya vidole, akaupitisha waya ndani yake kama fundi viatu anavyopaka nta uzi wake. Aliupaka kuanzia chini kwenda juu, safu nyembamba, akaacha shubiri moja ya mwisho, upande wa mita, bila kitu. "Grisi itapanda yenyewe. Ukiijaza huku juu, unailisha mita." Nikamuuliza kuhusu grisi nzito ya beringi za magurudumu, ambayo ninayo kopo zima nyumbani. Akatikisa kichwa. Akasema aliwahi kufanya kazi Makete, na kule mwezi wa saba, baridi ya alfajiri, waya uliopakwa grisi nzito huwa kama umetiwa saruji. Mshale hauamki mpaka jua litoke.

Kava la zamani lingeweza kutumika tena kama lingekuwa zima, na ukiwa na bahati hiyo, lipeleke kwa fundi wa pancha alipulize kwa upepo mpaka uchafu wote utoke. Langu lilikuwa limeungua.

Kufunga kulichukua muda mrefu kuliko kufungua, na hapo ndipo nilipoona ufundi ulipo. Alibadilisha kwanza ile sili ndogo ya transfa, maana kuweka waya mpya juu ya sili inayovuja ni kuvaa shati safi bila kuoga. Halafu akaitafutia kebo njia. Kona yoyote, alisema, isiwe kali kuliko ukingo wa sahani kubwa ya pilau. Ukipima kwa rula ni nusu kipenyo cha sentimita 15. Na pale inapoingia kwenye mita, vidole vitatu vya kwanza viende moja kwa moja bila kupinda hata kidogo. Akaweka mpira mpya kwenye tundu la ukuta wa injini ili bati lisikate kava. Akaweka klipu, zote, na alipoifunga ya mwisho hakuikaza mpaka kava likajikunyata. Aliiacha ishike tu. Nilipotaka kusaidia kwa kuifunga kebo na nyaya za taa kwa tai za plastiki, alinipokonya.

Kabla ya kufunga nati ya juu alitazama waya unavyochungulia kutoka kwenye kava. Ukichungulia mno, utaisukuma sumaku kwa nyuma na mita itaanza kulia yenyewe. Ukichungulia kidogo mno, ncha itakosa tundu lake na kulizungukia mpaka ilike. Wangu ulitokeza kiasi cha sentimita moja. Akauzungusha kwa vidole kidogo kidogo mpaka ncha ya chini ikadumbukia kwenye mraba wake, ukasikika kabisa ulipokaa. Nati akaikaza kwa mkono. Plaizi ilikuwa hapo hapo mezani, hakuigusa.

Nikauliza: na kama kelele ingekuwa ndani ya mita yenyewe? Akasema kuna njia rahisi ya kujua. Chomoa waya kwenye mita, uufunge pembeni usiguse kitu, endesha gari mtaa mmoja. Kelele ikiendelea ni waya. Ikikoma, si hakika, maana hata wangu ulinyamaza ulipochomolewa, lakini kuna uwezekano ni kijiti cha mita kilichokauka. Hicho kinataka tone moja la mafuta ya cherehani nyuma, pale unapoingia waya, na uache likae usiku kucha. Tone moja. Mafundi saa wanaelewa neno hilo. Mafundi magari tunadhani ni kikombe. Na mtu asifungue mita kwa bisibisi ili aone, kwa kuwa ule unywele wa springi ukiguswa, mita haitasema kweli tena.

Kwa waendesha magari ya sasa haya ni mambo ya makumbusho. Tangu miaka ya 1980 na 1990 watengenezaji wengi waliacha kebo wakaweka kihisio cha umeme kwenye giaboksi, na mshale unaletewa habari kwa waya wa shaba usiozunguka wala kulia. Lakini usiende mbali kuutafuta waya wa zamani. Simama kijiwe chochote cha bodaboda, tazama gurudumu la mbele: pikipiki nyingi bado zina kebo ile ile, nyembamba zaidi, inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye mita. Tazama pia ni ngapi zimening'inia zimekatwa. Nilipowauliza vijana wa kijiwe cha karibu na kwangu, mmoja alinijibu kwamba spidi yake anaijua kwa machozi. Yakianza kutoka, amefika 80.

Jioni ile nilimlipa fundi, nikatoka kuijaribu barabara ya Iringa. Sikwenda mbali. Kwenye 20, kimya. Kwenye 40, pale kifaranga kilipokuwa kinaamka, kimya. Mshale ulipanda kwa utulivu wa mtu mzima anayepanda ngazi, na ile namba ya mwisho ya kilomita, iliyokuwa imelala miezi mitano, ikageuka polepole mbele ya macho yangu. Niliwasha simu nilinganishe: mshale unasema 60, setilaiti inasema 57. Fundi alikuwa ameshaniambia nisishtuke. Mita hutengenezwa izidishe kidogo, na kanuni za Umoja wa Mataifa za magari zinakataza isome chini ya mwendo halisi. Kuna daftari la mjomba kwenye kisanduku cha dashibodi, la kuandikia oili na matairi. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe na namba zilizokuwa kwenye mita, na mbele yake, kwa zile kilomita za miezi mitano ambazo hakuna aliyezihesabu, nikaweka alama ya kuuliza.

Mwezi uliofuata nilimfuata mama Dumila. Kikapu kilikuwa cha nyanya safari hii. Tukatoka, tukashika lami, mshale ukapita 40, ukapita 50. Nilimwona anatega sikio. Akasubiri. Tulipovuka daraja akashindwa kuvumilia.

"Baba," akasema, "kile kifaranga mlikichinja?"